Pumzi Ishirini

Buni zilikuwa zimefika thelathini na saba, na mshale wa saa ulikuwa bado haujamaliza mzunguko.

Ma Anatolia alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda namba kumi na nne, wodi ya wanawake, macho yakihama kutoka kifua cha binti yake hadi saa ya ukutani na kurudi tena. Kila kifua kilipoinuka, alichomoa buni moja kwenye fundo la khanga yake na kuiweka juu ya shuka. Zilikuwa buni za kutafuna, zile zilizochemshwa na kukaushwa, ambazo Mhaya humpa mgeni kabla hata hajamuuliza kilichomleta. Kwao Ijumbi wanaziita amwani. Alikuja nazo Bukoba ili awape madaktari siku binti yake atakaporuhusiwa kurudi nyumbani.

"Arobaini na mbili," alisema mshale ulipofika juu. "Nesi, waitu, arobaini na mbili."

Nuriat alimsikia vizuri. Alikuwa kitanda cha kumi na sita, akitafuta mshipa kwenye mkono wa bibi mmoja aliyeishiwa maji mwilini, na kazi ile ya kuhesabu ni yeye aliyemfundisha Ma Anatolia juzi yake asubuhi. Manesi walikuwa wawili na wagonjwa thelathini na sita. Mwenzake alikuwa amekwenda maabara tangu saa saba. Kumfundisha mama wa mgonjwa kuhesabu pumzi kwa buni kulikuwa na faida: angalau mtu mmoja mle wodini alikuwa anahesabu kweli.

Alikuja akasimama miguuni mwa kitanda cha kumi na nne. Kokubanza, binti wa Ma Anatolia, alikuwa ameegemezwa kwenye mto na furushi la nguo, mdomo wazi, pua zikitanuka, ngozi ya chini ya koo ikizama ndani kila alipovuta hewa. Miaka thelathini na miwili, watoto wawili, nimonia ya mapafu yote mawili. Midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

Pale miguuni ilining'inia fomu ya utafiti, imebanwa kwenye ubao. Ilikuwa na kijani, njano na nyekundu. Pumzi zikizidi thelathini kwa dakika, unaandika kwenye nyekundu. Ukishaandika kwenye nyekundu, unampa mgonjwa oksijeni, unamwita daktari afike ndani ya dakika kumi, halafu unaandika ulichofanya na saa uliyofanya. Wodi ilikuwa na mashine moja ya oksijeni inayofanya kazi. Ilikuwa imefungwa kwa msichana wa kitanda cha tatu mwenye ugonjwa wa moyo, na kumvua ilikuwa sawa na kumuua. Mashine ya pili ilikuwa stoo tangu Pasaka, ikisubiri kifaa. Daktari wa zamu alikuwa chumba cha upasuaji. Nuriat alimpigia mara mbili, na mara ya pili simu ilipokelewa na mtu akasema yuko ndani.

Nuriat alichukua kalamu. Kwenye safu ya saa nane mchana, kisanduku cha pumzi, aliandika 20.

"Nesi, umeandika ngapi?"

"Nimeandika, Ma."

"Naona mbili na sifuri. Namba nazijua, nimeuza kahawa chama cha ushirika miaka mingi. Mimi nimehesabu arobaini na mbili, na buni hizi hapa. Zihesabu na wewe."

"Hiyo ni fomu ya utafiti, Ma. Ina namna yake."

"Utafiti wa nini?"

"Wa kuboresha huduma za wagonjwa mahututi."

Ma Anatolia alimtazama binti yake, kisha akamtazama nesi. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kweli.

"Na huyu je, siye?"

Nuriat alihisi masikio yakimchoma. Bibi wa kumi na sita alikuwa anamwita. Alitaka kuondoka pale, na alitaka mama huyu apate jambo la kufanya ili asiendelee kumtazama, basi akasema neno la kwanza lililomjia.

"Mpe uji, Ma. Vijiko viwili vitatu, apate nguvu. Nikimaliza kule narudi."

Alijua kwamba mtu anayehema vile halishwi. Alijifunza chuoni mwaka wa kwanza. Hata hivyo alilisema, akageuka, akaenda kumtafutia bibi mshipa.

Aliporudi ilikuwa saa nane na dakika hamsini. Kijiko kilikuwa ndani ya kikombe, kifua cha Kokubanza kilikuwa kimetulia, na Ma Anatolia alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta. Hakulia. Alikuwa anaziokota zile buni moja moja kutoka kwenye shuka, akizifunga kwenye pembe nyingine ya khanga, mbali na zile alizoleta kwa ajili ya madaktari.

* * *

Isidhaniwe kwamba kuna mtu aliyewahi kuwaambia manesi wadanganye. Mambo ya namna hii hayaanzi hivyo.

Mradi ulipokuja mwezi wa tatu, Nuriat aliupenda kwa moyo wote. Dk. Mwesiga, kijana wa Bukoba aliyesoma mbali na kurudi, aliwakusanya ukumbini na kuwaeleza kwamba wagonjwa wengi hawafi kwa kukosa mitambo ya gharama. Wanafia mikononi mwetu, alisema, kwa sababu hakuna aliyewahesabia pumzi, hakuna aliyewageuza ubavu wasipaliwe, hakuna aliyemwita daktari mapema. Alitaka kupima kama fomu moja na mafunzo ya siku tatu vinaweza kupunguza vifo. Nuriat alirudi kwao Rwamishenye jioni ile akamwambia mama yake kwamba hatimaye amepata kazi aliyoisomea. Alikuwa na mkataba wa mwaka mmoja. Ungekwisha Desemba.

Wiki tatu za kwanza manesi waliandika kweli. Walihesabu, wakaandika, na fomu zikawaka nyekundu kuanzia mlangoni hadi dirishani. Lakini nyekundu bila hatua ilikuwa kosa, na kosa lilishusha alama za wodi nzima, na alama zilibandikwa kila Jumatatu kwenye ukuta wa korido, ambako hata watu waliokuja kutazama wagonjwa walizisoma. Wodi ya wanawake: asilimia arobaini na moja. Sista Lilian, msimamizi wa wodi, aliitwa ofisini akajieleze. Aliporudi, aliwasimamisha manesi wake mbele ya kabati la dawa.

"Sitaki kuona nyekundu ambayo hamna la kuifanyia," alisema. "Tumeelewana?"

Walielewana. Mashine haikuongezwa, daktari hakuongezwa, nesi hakuongezwa. Wiki iliyofuata wodi ilipata asilimia sitini na tisa. Ilipofika mwezi wa nane walikuwa tisini na nne, na Nuriat alikuwa akiingia zamu anaandika ishirini kwenye visanduku vya pumzi vya kitanda cha kwanza hadi cha mwisho kabla hajafungua hata dirisha. Mwanzoni aliona aibu. Baadaye mkono ukazoea, na aibu nayo ikazoea.

Mwezi mmoja baada ya kifo cha Kokubanza ulifanyika mkutano wa matokeo. Kulikuwa na soda, maandazi na wageni wawili kutoka kwa wafadhili. Dk. Mwesiga alionyesha mstari unaopanda na kusema, kwa uungwana wake, kwamba vifo bado havijapungua kama alivyotarajia, jambo litakalochunguzwa katika awamu ya pili, ila ujazaji wa fomu umepanda kuliko hospitali zote zilizoshiriki. Watu wakapiga makofi. Kisha akaonyesha ukutani mfano wa fomu iliyojazwa kikamilifu. Jina lilikuwa limefunikwa kwa utepe mweusi, maana utafiti unalinda siri za wagonjwa.

Nuriat aliutambua mwandiko kabla ya kitu kingine. Zile mbili zenye shingo ndefu zilikuwa zake. Ishirini, ishirini, ishirini, zimeshuka kwenye kijani kwa mstari mzuri, na ya mwisho ni ya saa nane mchana.

"Tazameni," alisema Dk. Mwesiga. "Hakuna kisanduku hata kimoja kilichoachwa wazi."

Nuriat aliitwa mbele akapewa cheti. Alicheka na wapiga picha. Alikula andazi.

* * *

Jumatano iliyofuata, akitoka zamu ya asubuhi, alimkuta Ma Anatolia amekaa nje ya geti la hospitali, miguu ameinyoosha, viatu vya plastiki pembeni. Alikuwa amekonda. Nuriat alitaka kupita kana kwamba hakumwona, na hilo nalo alikuja kulikumbuka baadaye.

"Mwanangu, sikuja kukudai," alisema Ma Anatolia akiinuka. "Nimekuja kukuomba ile namba."

Alitoa karatasi ndani ya mfuko wa nailoni. Ilikuwa muhtasari ambao hospitali iliwapa pamoja na mwili. Nuriat aliusoma akiwa amesimama juani. *Saa 8:00 mchana hali ya mgonjwa ilikuwa ya kuridhisha, pumzi 20 kwa dakika. Kifo cha ghafla saa 8:50.* Muhuri wa hospitali ulikuwa umekaa vizuri chini, na wino wake haukufifia.

"Mkwe wangu Mutalemwa ni mtu mpole," alisema Ma Anatolia. "Lakini kaka yake, Mwalimu Rutaihwa, ndiye mkubwa wa ukoo, na anasoma. Ameisoma hii mbele ya msiba. Akauliza, mtu anapumua vizuri saa nane, amekufaje kabla ya saa tisa? Nani alikuwa naye? Nikasema mimi. Ulimpa nini? Nikasema uji."

Pikipiki zilipita.

"Wanasema uji wangu ulikuwa na kitu. Wanasema mimi nimemla mwanangu."

"Ma..."

"Mume wangu alipofariki, ndugu zake walichukua kibanja, shamba letu la migomba. Sikuwa nimezaa mtoto wa kiume. Koku akanichukua, nikakaa kwake, nikamlelea watoto. Sasa wanasema niondoke, na watoto nisiwaguse. Jana yule mdogo alinijia mbio, shangazi yake akamvuta mkono. Jumamosi wanakaa kikao. Wewe unajua ilikuwa arobaini na mbili. Na unajua nani alisema nimpe uji. Njoo uwaambie, mwanangu. Sitaki kingine."

Nuriat alisema atakuja. Alilisema haraka, kama alivyosema lile la uji.

* * *

Siku ya pili yake aliingia ofisi ya Sista Lilian na kukiri yote. Sista Lilian alimsikiliza akiwa anapanga glavu ndani ya boksi, akamaliza kuzipanga, akafunga boksi.

"Nani alikutuma uandike ishirini?"

Nuriat alimtazama. "Sista, ulisema hutaki kuona nyekundu."

"Nilisema sitaki nyekundu isiyofanyiwa kitu. Kiswahili chepesi kabisa. Kalamu ilikuwa mkononi mwa nani?"

"Mwangu."

"Haya. Na nani alimwambia mama amlishe mgonjwa anayehema?"

Sista Lilian alilirudisha boksi la glavu kabatini.

"Nataka ukae na hilo kabla hujaanza kuwatafuta wengine. Mimi nina miaka ishirini na sita katika wodi hizi, Nuriat. Wewe una barua ya mkataba ambayo mwezi ujao nitaulizwa niipitishe au nisiipitishe." Akainua simu. "Ngoja nimwite daktari, asije akasema nimemficha."

Dk. Mwesiga alikuja na kompyuta yake kwapani. Nuriat alipomaliza kusimulia, daktari alivua miwani akayafikicha macho. Hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mbaya.

"Ni fomu moja hiyo?" aliuliza.

"Hapana."

"Ngapi?"

"Sijui, daktari. Nyingi. Tangu mwezi wa nne."

"Basi usiniambie." Aliivaa tena miwani. "Nisikilize. Takwimu zimeshafungwa na zimeshatumwa. Nikifungua moja, wataniuliza habari za elfu tatu nyingine. Awamu ya pili ina mashine nne za oksijeni kwa hospitali hii. Nne. Zimeshaagizwa. Ukisimama leo useme fomu ni za kubuni, mashine hazitakuja, na mtu kama binti wa huyo mama wa Ijumbi atakufa tena kitandani palepale. Unaelewa ninachokuambia?"

"Naelewa."

"Mimi nilitaka kuwasaidia," alisema, na sauti yake ikawa ya mtu anayeomba. "Unajua nilitaka."

"Najua, daktari."

"Huyo bibi tumsaidie kwa njia nyingine. Apewe barua ya pole."

"Hataki pole. Anataka namba."

Sista Lilian alitabasamu bila furaha. "Namba anayo. Aliihesabu mwenyewe."

* * *

Jumamosi Nuriat alipiga moyo konde. Alipanda gari la Muleba, akashuka njiani, akachukua bodaboda hadi Ijumbi. Hakumuaga mtu isipokuwa mama yake, na hakumwambia anakwenda kufanya nini. Njia nzima alikuwa anayarudia maneno yake kichwani, na kila mara aliyamaliza vizuri.

Kaburi la Kokubanza lilikuwa ndani ya kibanja, katikati ya migomba, udongo bado mwekundu. Sebuleni walikuwa wametandaza nyasi mpya sakafuni. Wazee watano wa ukoo walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, na wa kwanza wao ni Rutaihwa, mwalimu mstaafu, koti la suti, daftari mapajani. Mutalemwa, mume wa marehemu, alikaa peke yake kwenye kigoda karibu na mlango, kichwa chini. Ma Anatolia alikuwa kwenye nyasi, nyuma ya wote, kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Watoto hawakuwapo. Walikuwa wamepelekwa kwa shangazi.

Rutaihwa alimkaribisha Nuriat kwa heshima, akamshukuru kwa kutoka mjini, akampa pole ya safari. Kisha akamwonyesha ile karatasi yenye muhuri.

"Mwanangu, maneno haya yametoka kwenye fomu uliyojaza wewe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Pumzi ishirini kwa dakika. Nilimuuliza mtu wa zahanati akaniambia hiyo ni pumzi ya mtu mzima asiye na shida. Ndivyo?"

"Ndivyo. Lakini haikuwa ishirini." Nuriat alisikia sauti yake mwenyewe, nyembamba, ikitoka. "Ilikuwa arobaini na mbili. Alikuwa anakosa hewa na sikuwa na mashine ya kumpa. Mama huyu hakumfanya kitu. Na ule uji, ni mimi niliyemwambia ampe."

Mabenchi yalilia. Mutalemwa aliinua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Kwa hiyo uliandika uongo," alisema Rutaihwa.

"Ndiyo."

"Kwenye karatasi ya hospitali."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Wakubwa wako wanajua?"

"Wanajua."

"Wamekupa barua?"

Nuriat alitikisa kichwa. Mzee mmoja alisema jambo kwa Kihaya, na mwingine akacheka puani. Rutaihwa aliwanyamazisha kwa mkono. Hakuwa na haraka. Alikuwa amesimama mbele ya madarasa miaka thelathini na alijua namna ya kumsubiri mtoto aliyekosea.

"Unaona shida yetu, mwanangu. Siku ile uliandika jambo na kutia saini. Leo unasema ulidanganya. Anayedanganya kwa kalamu, nitajuaje hadanganyi kwa mdomo? Huyu mama anaweza kuwa amekulilia, na wewe una huruma, ni kijana. Mdomo hauna muhuri." Alifungua daftari kwenye ukurasa mweupe na kuliweka juu ya meza ndogo, mbele ya Nuriat. "Lakini mimi si mtu wa kuonea. Andika hayo uliyosema. Weka jina, weka tarehe, weka saini. Nitaipeleka hospitali mwenyewe Jumatatu, waigongee muhuri au waikatae mbele yangu. Ukifanya hivyo, mama huyu atakaa hapa na wajukuu wake, na mimi nitamwomba radhi mbele ya ukoo. Ila usifutefute. Karatasi iliyofutwafutwa hata mahakama ya mwanzo haiipokei."

Ndivyo walivyofundishwa hata kwenye mafunzo ya siku tatu. Fomu haifutwi.

Akilini mwake ilikuwa tayari Jumatatu, hospitali. Nuriat alimwona Rutaihwa na koti lake akipita korido, mbele ya zile asilimia, akiuliza ofisi ya Sista Lilian iko wapi. Aliiona barua ya mkataba juu ya meza. Aliziona mashine nne ndani ya maboksi yake, zikigeuzwa njiani. Aliuona pia mgongo wa Ma Anatolia kwenye nyasi, mdogo, umekakamaa, na akaona aibu kwamba alikuwa bado anapima.

Alitoa kalamu mfukoni. Ilikuwa kalamu ya mradi. Hakuwa na nyingine. Aliandika tarehe. Aliandika jina lake lote. Mutalemwa alisogeza kigoda. Nuriat aliandika: *Mimi ndiye niliyekuwa zamu. Saa nane mchana nilimhudumia marehemu Kokubanza, na kwa wakati huo alikuwa akipumua mara*

Mkono uliendelea. Haukusita, ulikwenda kama ulivyokwenda kila asubuhi kwa miezi, na Nuriat alipotazama chini, ile mbili yenye shingo ndefu ilikuwa tayari iko kwenye mstari na sifuri yake kando.

20.

Aliitazama. Alitaka kusema nimekosea, mkono umezoea, nipe ukurasa mwingine. Lilikuwa neno dogo. Kisha akafikiri, je, kweli ni mkono? Na wakati akijiuliza hivyo, sekunde ambayo neno lile lingeweza kutoka ilipita, ikaja nyingine, nayo ikapita. Hadi leo hajui kama ulikuwa mkono uliozoea au moyo ulioogopa, na kutojua huko hakujampa nafuu yoyote.

Rutaihwa aliinama, akasoma kwa sauti, polepole, kama imla. Alipofika kwenye namba aliinama zaidi. Halafu akaisoma.

"Ishirini."

Mutalemwa alirudisha kichwa chini.

"Umeandika mwenyewe," alisema Rutaihwa, na sasa sauti yake ilikuwa karibu ya huruma. "Hakuna aliyekushika mkono. Haya, tia saini."

Ma Anatolia alikuwa ameinuka. Alikuja hadi mezani, akalitazama daftari kwa karibu, jinsi anavyotazama mtu mizani ya kahawa. Alizitazama mbili na sifuri muda mrefu. Nuriat alisubiri apige kelele, amtemee mate, amwite muuaji. Angemshukuru.

"Mgeni hajapewa amwani," alisema Ma Anatolia.

Zile buni za madaktari alikuwa ameshazigawa matangani. Alifungua ile pembe nyingine ya khanga, yenye zile alizookota kwenye shuka la hospitali. Fundo lilikuwa limekazwa kwa muda mrefu, ikabidi alilegeze kwa meno. Kisha akapita, ameinama, akiweka viganjani mwao kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akianza na mkubwa. Rutaihwa alipewa sita. Mzee wa pili sita. Wa tatu, wa nne, wa tano, kila mmoja sita. Mutalemwa sita, alizipokea bila kumtazama mkwewe usoni. Wa mwisho alikuwa Nuriat, na kwake pia zilikuwa sita, na baada ya hapo khanga ilikuwa tupu.

"Tafuna, mwanangu," alisema Ma Anatolia. "Umetoka mbali."

Wazee walikuwa wameshaanza. Maganda makavu yalipasuka taratibu kati ya meno yao, na mmoja akasema ni buni nzuri, za mti wa zamani. Nuriat aliiweka moja mdomoni. Mkono wa kulia bado ulikuwa na kalamu, na Rutaihwa, akitafuna, alikuwa amemsogezea daftari na kuweka kidole mahali pa saini.